Falsafa ya elimu katika shule za Kikatoliki za Kitui na Makueni

Shule nyingi za Kitui na Makueni zina majina ya watakatifu na msalaba langoni. Hata hivyo, zilizo nyingi ni za umma: walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), na wanafunzi hufanya mtihani ule ule wa kitaifa. Ni nini basi kinachoifanya shule kuitwa ya Kikatoliki?

Jibu la Kanisa limo katika azimio liitwalo Gravissimum Educationis, lililotolewa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mnamo Oktoba 28, 1965. Falsafa yake ina nguzo tatu.

Kwanza, elimu ni malezi ya mtu kamili. Sheria za Kanisa za mwaka wa 1983, katika kanuni ya 795, zinataka mwili, akili na maadili ya mtoto vikuzwe kwa pamoja. Pili, wazazi ndio walimu wa kwanza. Shule huwasaidia wala haichukui nafasi yao. Tatu, Kanisa linapaswa kuwajali hasa watoto maskini, waliokosa malezi ya familia na hata wasio na imani.

Falsafa hiyo ilipata udongo wa kuotea Ukambani. Mwaka wa 1956 Kitui ilifanywa eneo la kimisheni linalojisimamia, chini ya mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Kiltegan, Ireland, kisha ikawa jimbo mwaka wa 1963. Makueni nayo ilikuwa sehemu ya Jimbo Katoliki la Machakos hadi Julai 2023, Jimbo jipya la Wote lilipoundwa.

Wenyeji hawakuhitaji kufundishwa kwamba mzazi ni mshirika wa shule. Mwethya, desturi ya Wakamba ya majirani kufanya kazi kwa zamu na kwa pamoja, ilitumika kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na baada ya uhuru ikasaidia kujenga madarasa ya shule za Harambee.

Majina ya shule pia yana maana. Shule ya wavulana ya St Charles Lwanga mjini Kitui inamkumbuka shahidi wa Uganda aliyechomwa moto Namugongo mnamo Juni 3, 1886. Lwanga alikuwa msimamizi wa vijana katika ikulu ya Kabaka Mwanga, na anakumbukwa kwa kuwalinda waliokuwa chini yake. Kwa mtazamo huo, mwalimu ni mlinzi kabla ya kuwa msahihishaji wa mitihani.

Kisheria, nafasi ya Kanisa ina mipaka. Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968 iliyafanya makanisa kuwa wafadhili wa shule zilizosimamiwa na serikali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili uwakilishi katika usimamizi wa shule, ushauri wa kiroho na fursa ya kuteua kasisi kwa gharama yake mwenyewe. Papo hapo, inamtaka aheshimu imani ya wanafunzi wa madhehebu mengine. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inamlinda kila mtu dhidi ya kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake.

Mtihani mgumu zaidi, hata hivyo, hauko mahakamani wala katika vitabu vya sheria. Kitui na Makueni ni nchi kame. Mvua ikikosekana misimu miwili mfululizo, ghala hubaki tupu, mifugo huuzwa kwa bei ya kutupa na karo hukosekana. Mtoto anayerudishwa nyumbani siku hizo ndiye yule yule aliyetajwa na azimio la 1965 kuwa wa kujaliwa kwanza.

Hali kadhalika, shule inayowachuja wanafunzi dhaifu ili kupandisha alama yake ya wastani huenda ikasifiwa magazetini, lakini imeiangusha nguzo ya tatu. Nayo inayotegemea kiboko, kilichopigwa marufuku nchini mwaka wa 2001, imeiangusha ya kwanza.

Mzazi anayetaka kujua kama shule ni ya Kikatoliki kweli ana kipimo rahisi basi. Asiangalie msalaba wa langoni pekee. Aulize ni nini humpata mwanafunzi maskini, yatima au wa imani nyingine mwaka wa kiangazi.