Kusoma, Kutoa, Kuwasilisha: Historia ya Istilahi Moja katika Nyanda za Juu za Kusini

Mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kama wenzake wa vyuo vingine vya ufundi nchini, husimama mbele ya jopo la walimu kueleza mradi alioufanya. Hupewa dakika chache, projekta na ukuta mweupe. Nyuma yake huangaza slaidi. Mbele yake wamekaa watakaompa alama. Tendo hili limezoeleka mno hata wanaistilahi hatukulitazama kwa makini. Katika makala haya tunakusudia kulitazama, kwa sababu Kiswahili kimelipa majina zaidi ya moja, na kila jina limebeba fikra yake kuhusu kazi ya msemaji.

Jina moja ni kusoma. Mtaalamu katika semina husemwa kwamba "alisoma makala", na mara nyingi msemo huo ni wa kweli kabisa: alishika karatasi, akainamisha kichwa, akasoma hadi mwisho. Jina la pili ni kutoa mada. Hapa msemaji anafananishwa na mtu atoaye kitu mfukoni. Kikishatoka, kazi yake imekwisha, na kama kimeokotwa au kimeanguka chini si shauri lake. Jina la tatu ni kuwasilisha. Hatudai kwamba majina haya yalifuatana kama mabehewa ya treni, kwani hadi leo yote matatu yanasikika, pengine katika ukumbi mmoja na siku moja.

Hata hivyo jina la tatu lina jambo ambalo mengine hayana. Kitenzi wasili ni cha asili ya Kiarabu, na maana yake ni kufika. Kikitiwa kiambishi cha kusababisha huwa wasilisha, yaani kufanya kitu kifike. Kwa hiyo mtu hawezi kusemwa kwamba amewasilisha ikiwa jambo lake halikufika. Bungeni waziri huwasilisha makadirio, na hati huwasilishwa mezani. Hapo mahali pa kufikia panajulikana, nayo ni meza. Kwa mwanafunzi wa uhandisi meza haitoshi. Jambo lake halina budi kufika katika fahamu za msikilizaji, la sivyo ametoa tu.

Nyanda za Juu za Kusini zinafaa kuchunguzwa kwa ajili ya neno hili, kwa kuwa huko mambo ya ufundi yalifikishwa kwa watu wasio mafundi, tena kwa Kiswahili, muda mrefu kabla ya slaidi za kompyuta. Tutaje mifano miwili.

Wa kwanza ni Reli ya Uhuru. Ujenzi wa njia hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ulianza mwaka 1970, ukakamilika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Sehemu iliyowatoa jasho zaidi wajenzi ilikuwa ile ya kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, uliokuwa wakati huo katika Mkoa wa Iringa. Kutoka hapo njia iliendelea hadi Mbeya na Tunduma. Wachina, Watanzania na Wazambia waliofanya kazi pamoja hawakuwa na lugha moja. Mafundi wa Kichina walifundisha zaidi kwa kuonyesha: mkono ulitangulia, neno likafuata, na mwanafunzi akarudia tendo hadi mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Kiswahili cha mahali hapo kilikuwa cha maneno machache, lakini kila neno lilikuwa na kitu chake kinachoonekana. Chukua neno taruma. Katika chombo cha baharini ni mbao ya kukaza ubavu. Relini ni gogo au zege ambalo chuma cha reli hulalia. Aliyeliona limelala chini ya reli hakuhitaji kusomewa fasili yake. Neno la mabaharia lilipanda milima bila kupitia katika kamati yoyote, na halijashuka.

Mfano wa pili ni wa Iringa, na kwa maoni yetu ndio ulio mzito zaidi. Kuanzia mwaka 1983, Serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa msaada wa fedha kutoka Italia, iliendesha mpango wa lishe ambao mwanzoni ulihusu vijiji 168 vya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito kwa vipindi maalumu, na uzito ukatiwa alama katika kadi ya ukuaji iliyogawanywa kwa rangi tatu: kijani, kijivu na nyekundu. Matokeo hayakupelekwa moja kwa moja wilayani kama ilivyokuwa desturi ya takwimu. Yalijadiliwa kwanza kijijini, mbele ya wazazi na viongozi, na swali lililoulizwa halikuwa la kitaalamu: mtoto huyu yuko kwenye rangi gani, kwa nini, nasi tufanye nini? Hapo ndipo kadi ilipofanya kazi ambayo leo tunaitaka slaidi iifanye. Ilikuwa na jambo moja tu. Ilionekana kwa mbali. Haikusomwa na mtu kwa sauti, bali ilizungumziwa.

Katika mikutano ya namna hiyo lilitembea pia neno utapiamlo. Ni neno la kuundwa, nalo lingeweza kufia katika orodha kama yalivyofia mengine mengi. Halikufa kwa sababu lilitamkwa na wauguzi, watendaji wa vijiji na akina mama katika shughuli iliyowahusu. Leo hakuna mwandishi wa habari anayelieleza anapolitumia. Tunashawishika kusema kwamba istilahi husanifishwa mara mbili, kwanza na kamati na baadaye na vinywa, na kwamba usanifishaji wa pili hauna mhuri lakini ndio wenye nguvu.

Elimu ya juu ya ufundi haikupata bahati hiyo. Mwaka 1980 Rais Nyerere aliunda Tume ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, mwana wa Njombe, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1982. Tume ilipendekeza, pamoja na mengine, kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985 na baadaye kipande hadi chuo kikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na mwaka 1983 ikajulikana wazi kwamba Kiingereza kitaendelea. Wakati huo kazi ya istilahi ilikuwa imekwenda mbali. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, lilikuwa likitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kisha mwaka 1990 ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Ilikuwa kama mahari iliyoendelea kulipwa baada ya harusi kuvunjika.

Chuo cha Ufundi Mbeya kilianzishwa katika hali hiyo, mwaka 1986. Kiliwafundisha vijana waliomaliza kidato cha nne kuwa mafundi sanifu. Baadaye kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia, na mwaka 2012 kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu. Msomaji ambaye ni mtumishi wa Serikali ataona kinyume kilichopo. Katika miundo ya utumishi ngazi za kazi zina majina ya Kiswahili yasiyo na utata: fundi mchundo, fundi sanifu, mhandisi. Lakini safari ya kutoka ngazi hadi ngazi hufanywa kwa Kiingereza, na mtihani wa mwisho wa safari hiyo, yaani kusimama mbele ya jopo, hufanywa kwa lugha hiyo hiyo.

Slaidi nazo zilikuwa njiani. Programu ya PowerPoint ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1987, mwaka mmoja tu baada ya chuo cha Mbeya kufunguliwa. Mwaka 2004 kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi za filamu. Mwaka huo huo mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu kwa Kiswahili, ikiwamo ya kutayarishia slaidi. Neno slaidi lenyewe halikuleta ugomvi. Lilikuwa limekwisha kuzoeleka katika maabara za biolojia kwa maana ya kioo chembamba cha hadubini, na fikra ni ile ile: kitu kidogo kinachopitishiwa mwanga ili kionekane kikubwa. (Laiti kompyuta ingepita kwa amani hivyo! Wapo waliosema ngamizi, wapo waliosema tarakilishi, na mwenye duka akaendelea kuuza kompyuta.)

Tatizo halikutoka kwa slaidi, lilitoka kwa wasilisho. Katika programu za kompyuta zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, wasilisho limekuwa jina la faili lenye slaidi. Mwanafunzi husema "wasilisho langu liko kwenye flashi" na "nitumie wasilisho lako". Neno lililobeba maana ya kufika sasa linataja kitu ambacho hakijaondoka mfukoni. Si suala la sarufi tu. Anayeamini kwamba faili ndilo wasilisho hulijaza kila kitu anachotaka kusema, sentensi nzima nzima, jedwali la safu kumi kwa herufi za kusomwa na mwenye darubini. Kisha hugeukia ukuta na kusoma. Tumerudi kwenye jina la kwanza. Na ikiwa sentensi hizo ziko katika lugha ambayo msemaji hajaimiliki, hawezi kuziacha hata kidogo, kwa maana akizikosa ukutani hana nyingine. Walimu hulalamika kwamba vijana hawajiamini. Sisi tunaona kwamba aghalabu kijana anaijua mashine yake barabara. Anachokikosa ni maneno yake mwenyewe ya kuielezea.

Maneno hayo yapo. Tuchukue mradi wa mashine ya mahindi, ambao ni wa kawaida katika mikoa hii inayolima mahindi kwa wingi. Kiingereza cha ripoti hutosheka na kitenzi kimoja, nasi katika orodha zetu tumekitafsiri kuwa kusindika au kuchakata. Ni tafsiri sahihi, lakini haimwambii msikilizaji mashine inafanya nini. Mkulima wa Mbozi au Mufindi ana vitenzi vyake: kupukuchua ni kutoa punje katika gunzi, kupepeta ni kutenga punje na makapi, kukoboa ni kuondoa ganda la punje, kusaga ni kuifanya unga. Mpunga haupukuchuliwi, hupurwa. Kila kitenzi ni kazi tofauti, chenye nguvu yake, mwendo wake na hasara yake. Mwanafunzi atakayeandika juu ya slaidi yake "Kupukuchua" na chini yake akaweka mchoro mmoja amekwisha kutaja kusudi la mradi na mpaka wake. Muradi, ambalo ni jamaa ya neno mradi, ni kusudi.

Kwa upande wa sayansi tupu nako hatuna ukame. Kanieneo ni mfano tunaoupenda. Ni kani na eneo zilizounganishwa, na kanuni yenyewe ni kani igawanywe kwa eneo, neno limejifasili. Likiandikwa ukutani kwa herufi kubwa huweza kueleweka na msikilizaji ambaye hakupita darasa la fizikia, jambo ambalo mwenzake wa Kiingereza hawezi kulidai. Lakini kanieneo limeishi zaidi machoni kuliko masikioni. Kamati zetu zilipima istilahi kwa ufupi, kwa maana na kwa umbo. Kipimo cha kuitamka mbele ya watu thelathini, kwa haraka, huku mtu akijibu swali, hakikuwamo.

Ipo siku moja ya mwaka ambapo kipimo hicho hupatikana. Tarehe 8 Agosti, Sikukuu ya Wakulima, viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya hujaa watu kutoka mikoa ya nyanda hizi, na vyuo hupeleka mashine zao huko. Kijana yule yule aliyesimama mbele ya jopo huwaeleza wakulima kwa Kiswahili, bila slaidi, na wakulima hawana adabu ya jopo: huuliza bei kwanza, kisha wese, kisha vipuri vinapatikana wapi. Jambo lisilofika huonekana papo hapo, kwa kuwa msikilizaji huondoka. Mwalimu anayetaka kuwafunza wanafunzi kuwasilisha angefanya vema kuwapeleka huko kabla ya jopo badala ya baada yake, na kuruhusu slaidi chache zitokane na maswali waliyoulizwa.

Kwa upande wetu tunapendekeza kwamba uwasilishaji libaki jina la tendo, wasilisho liwe lile linalomfikia msikilizaji, na kile kilichomo katika flashi kiitwe faili la slaidi, jina lisilo na mapambo wala madai. Aidha tunawaomba wafasiri na walimu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe watuletee majina ya sehemu za mashine ya kupukuchulia mahindi kama yanavyotamkwa na wanaoitumia na wanaoitengeneza: ngoma, chekeche, mdomo wa kumiminia magunzi, beringi na gololi zake, pamoja na jina la wilaya lilikosikika kila neno. Yaandikwe kama yalivyosikika, bila kusahihishwa.