Moshi wa Barazani na Mishipa ya Moyo

Jioni mtaani Kinindo, upepo wa Ziwa Tanganyika unapoanza kuvuma, baba mwenye nyumba huketi barazani akawasha sigara yake. Mama yu kando, amempakata mtoto. Hakuna athubutuye kumwambia mzee aizime; huo ungehesabiwa kuwa utovu wa adabu.

Tumbaku tumeizoea. Ilitoka Amerika, ikaletwa Afrika na mabaharia wa Ulaya baada ya mwaka 1492, na Warundi wakaiita itabi. Wazee wetu, wake kwa waume, waliivuta katika kiko. Nani angedhani kwamba moyo ndio unaolipa?

Jibu lilichelewa. Mwaka 1948 madaktari wa Marekani walianza kuwafuatilia wakazi wa mji wa Framingham, na ilipofika mwaka 1960 walithibitisha kwamba sigara huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Lakini huyo alikuwa mvutaji mwenyewe. Habari za mkewe zilikuja baadaye, kutoka Japani. Takeshi Hirayama aliwafuatilia kwa miaka 14 wanawake 91,540 wasiovuta, na mwaka 1981 akatangaza kwamba wake za wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Wenye viwanda vya sigara walimpinga vikali, kama ilivyotazamiwa. Hata hivyo uchunguzi uliendelea, na sasa ukageukia moyo.

Mwaka 2001 madaktari wa Japani waliwaweka vijana wenye afya, wasiovuta, katika chumba chenye moshi kwa dakika 30 tu. Mishipa ya mioyo yao, ambayo hapo kwanza iliweza kutanuka vema na kupitisha damu nyingi, ikafifia hata ikalingana na ya wavutaji. Nusu saa! Barazani petu mazungumzo huchukua zaidi ya hapo.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mshipa mna utando mwembamba ambao huufanya mshipa ulegee na kutanuka. Moshi huudhuru utando huo, mafuta yakajijenga ukutani mwa mshipa, na chembe za damu zikawa nyepesi kugandamana. Wakati huo huo, hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, nao moyo hulazimika kufanya kazi zaidi kwa chakula pungufu. Asiyevuta anayeishi na mvutaji huongezewa hatari ya maradhi ya moyo kwa asilimia 25 hadi 30.

Burundi iliridhia Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005. Mkataba huo unataka watu walindwe na moshi maofisini, katika magari ya abiria na mahali pa umma palipofunikwa. Nyumba ya mtu haikutajwa.

Kwa baba yule wa barazani iko habari nyingine, naye huenda asiijue: akiacha leo, baada ya mwaka mmoja ile hatari ya moyo aliyojiongezea kwa sigara hupungua kwa nusu hivi. Mkewe na mwanawe huanza kuvuta hewa safi jioni hiyo hiyo.