Kazi Iliyo Chini ya Bati: Amplifaya ya Valvu na Kwaya Yetu

Katika kurasa za kitabu hiki mtakuta majina ya wenyeviti, walimu wa kwaya, wapiga kinanda na waweka hazina. Hamtakuta popote kile kisanduku kizito kilicho kabatini mwa vestri, chini ya vitabu vya nyimbo vilivyochakaa, wala mafundi waliokitunza. Makala haya ni ya kisanduku hicho. Amekuja mnunuzi, amekiona, amekipenda kwa sura yake na ametaja bei. Kamati haikutaka kuamua peke yake, nalo jambo limeachiwa mkutano wa kwaya utakaofuata sherehe hizi. Kabla mtu hajainua mkono wa kuuza au wa kubakisha, ni vyema ajue kinachouzwa ni kitu gani.

Vijana wetu wamekulia kwenye vyombo vya transista na chipu, kwa hivyo nianze na valvu yenyewe. Ni chupa ya kioo iliyofyonzwa hewa. Ndani yake mna kijiwaya kinachopashwa moto na umeme, na kile kilichopashwa moto hutoa umeme unaoruka hadi kwenye bamba lililokizunguka. John Ambrose Fleming aliipata valvu ya kwanza mwaka 1904 huko Uingereza. Miaka 2 baadaye Lee de Forest wa Marekani akatia kati ya vitu hivyo viwili wavu mwembamba wa waya, na hapo ndipo ukuzaji wa sauti ulipoanza. Sauti dhaifu ya maikrofoni hupelekwa kwenye ule wavu, nayo huzuia na kuachilia umeme mkubwa unaopita, kama mkono juu ya bomba: mkono hutumia nguvu kidogo, maji yanayotoka ni mengi. Chombo kizima kilichobaki, pamoja na uzito wake wote, kipo kwa ajili ya kuzihudumia chupa hizo.

Mombasa haikuchelewa kuvipata vyombo vya umeme. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa mji huu, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua mitambo ya umeme iliyokuwa ya Seyyid wa Unguja, na kampuni ya kuwasha taa Mombasa ikaanza. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliunganishwa na ile ya Nairobi. Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, na baadaye kisiwa chetu kikawa na kituo chake, Sauti ya Mvita. Yote hayo, kuanzia studio hadi redio kubwa ya mbao sebuleni, yalikwenda kwa valvu. Mtu akiiwasha redio alingoja kidogo ipate moto ndipo izungumze, na walio na umri wangu bado wanaikumbuka ile harufu ya vumbi lililopashwa joto.

Amplifaya zilizofikia upeo wa kazi hii ni zile zilizotengenezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1945 Harold Leak wa London alitoa amplifaya aliyoiita Point One, kwa maana kwamba kasoro ya sauti yake haikuzidi sehemu 0.1 katika mia. Mwaka 1947 D.T.N. Williamson alichapisha mchoro wake katika jarida la Wireless World, na mafundi wa nchi nyingi wakajijengea wenyewe nyumbani. Peter Walker akafuata na Quad II mwaka 1953, ya wati 15 tu. Kwa Marekani, kampuni ya McIntosh ilitoa MC275 mwaka 1961, wati 75 kwa kila upande, uzito karibu kilo 30, bati lake limeng'arishwa mpaka unaweza kujitazama uso.

Sura ya mashine hizi haikuanza kwa mapambo. Valvu zilisimamishwa juu, nje ya bati, kwa sababu huchemka na zinahitaji hewa. Transfoma nazo ni chuma na shaba tupu. Kadiri inavyotakiwa kupitisha sauti nzito bila kuivuruga, ndivyo chuma kinavyoongezeka. Kwa hivyo fundi aliyepanga vizuri alitenganisha vitu vizito, akapanga njia ya joto, akaiweka ingizo la maikrofoni mbali na transfoma ya umeme ili spika isivume, na alipomaliza akajikuta ana kitu kinachopendeza macho. Itazameni picha ya Quad II mkiipata: transfoma huku na huku, valvu katikati, basi. Kwa jicho langu hakuna iliyowahi kuishinda. Ile ya McIntosh naiona inang'aa kupita kiasi, kama bwana harusi aliyevaa saa mbili, lakini nimeisamehe kwa sababu kila tundu la waya limeandikwa kazi yake waziwazi.

Hata hivyo, juu si mahali pa kumpimia fundi. Sisi wa Kibokoni na Mji wa Kale tunalijua hilo kwa makasha. Mgeni husifu njumu za shaba zilizo usoni. Mwenyeji huvuta droo, akaigeuza, akatazama jinsi mbao zilivyoshikana kwenye pembe. Ukiigeuza amplifaya ya zamani utaona vivyo hivyo. Nyaya zilizolazwa sambamba na kukunjwa kwa pembe safi. Rezista na kapasita zimepangwa kwenye ubao wa vishikizo, kila mguu umezungushwa kwenye kishikizo chake kwanza ndipo ukalehemiwa, ili risasi ya kulehemu isiwe ndiyo inayobeba uzito. Soketi za valvu za kauri, kwa sababu plastiki ya bei rahisi huchomeka. Namba za vipande zinaelekea juu zisomeke. Yule aliyeunda alijua kwamba siku moja mtu mwingine ataifungua, akamwachia njia.

Hapa pwani kazi ya chini hujaribiwa kuliko mahali pengi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi haina heshima kwa bati. Kapasita za karatasi hunywa unyevu zikaanza kuvuja umeme. Transfoma iliyoachwa wazi huingiwa na unyevu kati ya nyaya zake mpaka siku moja ikaungua. Watengenezaji makini waliziloweka transfoma zao kwenye nta au wakazijaza lami ndani ya makopo ya chuma yaliyofungwa. Jambo hilo halionekani kwa nje, na linaongeza gharama na uzito, lakini ndilo linalotofautisha mashine iliyodumu Mombasa na iliyokufa baada ya masika mawili.

Sasa nije kwenye yetu. Bamba lake la jina limekwisha kung'oka, kwa hivyo inabidi isomwe kwa kazi yake. Ina valvu mbili kubwa za kutoa nguvu, moja ya kunyoosha umeme, na tatu ndogo za kupokea maikrofoni. Rangi ya kijivu imebanduka. Upande mmoja wa bati umeshika kutu, ule uliokuwa ukielekea dirisha. Lakini transfoma zake zimo ndani ya makopo yaliyojazwa lami, na makopo yako mazima. Si mashine ya anasa kama nilizozitaja. Iliundwa kwa ajili ya mikutano na kumbi, nayo iliundwa kwa uaminifu.

Nilipofungua bati la chini mbele ya wanakamati wawili, kilichotushangaza ni mikono iliyopita humo. Nyaya za kwanza, za kiwandani, zimevikwa kitambaa. Juu yake kuna kazi ya mtu mwingine, nyaya za plastiki nyekundu na nyeusi, malehemu madogo na maangavu, nadhifu kama mshono wa kofia. Kisha kuna wa tatu, aliyelehemu kwa haraka na kwa risasi nyingi, pengine Jumamosi jioni huku kwaya ikimngoja. Kazi yake haipendezi lakini haijaachia. Kapasita mbili zimebadilishwa kwa za aina ambayo hazikuwapo mashine ilipoundwa, na aliyezitia alikata vipande vya mrija kuzikinga zisigusane na bati. Pembeni, kwa kalamu, kuna tarakimu za volti ambazo fundi alizipima na kumwachia atakayefuata.

Wazee wetu wa sauti ya nne wanakumbuka kuipeleka kwa mkokoteni wa hamali, kwa kuwa vichochoro vya Kibokoni havipishi gari, hadi kwa fundi redio aliyekuwa pia akitengeneza vipaza sauti vya misikiti ya jirani. Wanasimulia kwamba katika wiki za kabla ya Pasaka na za kabla ya Ramadhani foleni kwake ilikuwa moja. Hakuwa mshirika wetu, na huenda hakuwahi kutusikia tukiimba ila kwa mbali, kupitia mashine aliyoitengeneza yeye. Ndiyo maana simo katika wale wanaosema kisanduku hiki ni chuma chakavu. Kumbukumbu za kwaya tulizoziandika zinataja waliosimama mbele. Hii ndiyo kumbukumbu pekee tuliyo nayo ya waliofanya kazi nyuma, nayo imeandikwa kwa risasi ya kulehemu.

Wanaotaka tuuze wana hoja, na si haki kuzipuuza. Tunahitaji maikrofoni mpya. Valvu mpya zinatoka nje, kwa kuwa viwanda vilivyobaki ni vichache, huko Urusi, Slovakia na China, nazo si rahisi. Humo ndani mna umeme wa volti 400 hivi, na kapasita huweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa; si kitu cha kuchezewa na kijana aliyetazama video moja. Na ni kweli kwamba kwa ibada ya Jumapili mashine ya kisasa, nyepesi, inatosha kabisa.

Lakini tuelewe anachonunua yule bwana. Siku hizi amplifaya za valvu zimekuwa vitu vya fahari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mjapani Hiroyasu Kondo alitengeneza moja iitwayo Ongaku, yaani muziki, ambayo transfoma zake zimezungushwa waya wa fedha halisi, na bei yake ilifika makumi ya maelfu ya dola. Kazi ya mtu yule naiheshimu, maana fedha iko ndani, mahali ambapo mgeni haoni. Nisichokiheshimu ni zile zinazotiwa vitaa vya rangi chini ya valvu ili zionekane zinawaka. Valvu nzima huwaka kidogo tu, rangi ya kaa la moto linalozimika. Mnunuzi wetu alisema mwenyewe kwamba ataibandua rangi, atatia kromu bati, na kutoa nyaya zote za zamani kuweka mpya. Itapendeza. Lakini ile mikono mitatu itakwenda kwenye pipa.

Rai yangu ni tuibakishe kama ilivyo, isiwashwe mpaka fundi anayezijua valvu aikague, na fedha za maikrofoni tuzitafute kwa harambee kama tulivyofanya kwa mengine. Mkutano ukiamua kuuza, basi upande wa chini upigwe picha kwanza, kila pembe.

Siku ya sherehe itawekwa mezani karibu na mlango wa vestri, imegeuzwa tumbo juu, bila waya wa umeme. Watoto waonyeshwe ile fedha iliyopaka kichwani mwa kila valvu: ikiwa inang'aa kama kioo, hewa haijaingia, ikigeuka nyeupe kama maziwa, valvu imekufa. Yetu moja tu ndiyo nyeupe. Tafadhali msitie mikono ndani. Kando yake patakuwa na daftari na kalamu. Ndugu yeyote anayelikumbuka jina la fundi aliyewahi kuitengeneza, au mahali kilipokuwa kibanda chake, aandike humo kabla ya mkutano.