Ishara ya Tatu: Dopamini na Unyumbufu wa Sinapsi

Mwaka 1949, mwanasaikolojia wa Kanada Donald Hebb alipendekeza kwamba seli ya neva inaposhiriki tena na tena kuiamsha jirani yake, kiungo kati yao, yaani sinapsi, huimarika. Makala haya yanatetea hoja kwamba kanuni hiyo ni sahihi lakini haijakamilika. Seli mbili kuamka pamoja hakutoshi. Inahitajika ishara ya tatu ya kikemikali itakayoamua kama tukio lihifadhiwe.

Nguvu ya kanuni ya Hebb inajulikana. Mwaka 1973, Tim Bliss na Terje Lømo walichochea kwa umeme njia ya neva inayoingia kwenye hipokampasi ya sungura, na sinapsi zikabaki zimeimarika kwa saa kadhaa. Kiini cha uimarikaji huo ni kipokezi cha NMDA, ambacho ayoni ya magnesiamu hukiziba. Glutamati, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye sinapsi hizo, ikifika peke yake, kizibo hakitoki. Lakini seli pokezi ikiwa tayari imeamka, magnesiamu huondoka, kalsiamu huingia, na vipokezi vya AMPA huongezwa kwenye utando. Tangu hapo sinapsi huitikia kwa nguvu zaidi.

Hata hivyo, seli nyingi huamka pamoja kila wakati, na mengi kati ya hayo hayana maana kwa mnyama. Nini huchuja? Wolfram Schultz aliona kwamba niuroni za dopamini za nyani huamka kwa nguvu wanapopata juisi wasiyoitarajia. Nyani wakishazoea alama inayoitangulia juisi, niuroni hizo huitikia alama, si juisi. Na juisi ikikosekana, hunyamaza saa ile ile ilipotarajiwa. Kwa hiyo dopamini hubeba tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana.

Tofauti hiyo hufika hadi kwenye sinapsi yenyewe. Mwaka 2014, watafiti wa Japani walionyesha katika ubongo wa panya kwamba miiba ya dendriti (vichomozo vidogo vya seli pokezi) iliyopokea glutamati ilitanuka pale tu dopamini ilipofuata baada ya sekunde 0.3 hadi 2. Ilipotangulia au kuchelewa, haikuleta utanukaji huo.

Mpinzani atasema kwamba sungura wa Bliss na Lømo hawakuongezewa dopamini yoyote. Ni kweli, ila majaribio ya baadaye katika hipokampasi yamejibu: vipokezi vya dopamini vikizuiwa, uimarikaji huanza, lakini ile hatua yake ya kudumu, inayotegemea protini mpya, hudhoofika. Kwa konokono wa baharini Aplysia, aliyechunguzwa na Eric Kandel, kazi inayofanana na hiyo hufanywa na serotonini. Kemikali hutofautiana, haja ya kuidhinishwa ni ile ile.

Safari ya kutoka sinapsi ya panya hadi darasani ni ndefu, na sekunde mbili za maabara si kipimo cha mwalimu. Lakini nadharia inayoeleza kujifunza kwa marudio pekee imeacha nusu ya jambo. Tukishajua ni seli zipi zilizoamka pamoja, bado tuna deni la kuuliza ni ishara gani iliyozifuata, na ilifika lini.