Anapausis: Pumziko la Shamba na Pumziko la Nafsi

Tunaposikia neno "pumziko" kanisani, wengi wetu huwaza kaburi, au siku ile kazi zote zitakapokuwa zimekwisha. Lakini neno la Kigiriki lililoandikwa katika Mathayo 11:29, anapausis, lilikuwa neno la watu walio kazini.

Wagiriki walilitumia kwa askari waliopewa nafasi ya kuvuta pumzi kabla ya kuendelea na safari. Wayahudi wa Misri walipotafsiri Torati kwa Kigiriki, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, walilitumia kwa Sabato. Katika Kutoka 23:12 pumziko hilo wanapewa hata ng'ombe na punda, na jina la Kigiriki la mnyama huyo wa mizigo maana yake ni "aliye chini ya nira".

Wakulima wa Misri nao walikuwa na matumizi yao. Mwaka 1900, wachimbaji waliokuwa Tebtunis, katika eneo la Fayum, waligundua hati nyingi za mafunjo. Mojawapo ni mkataba wa kukodisha shamba wa mwaka 103 kabla ya Kristo. Humo kitenzi cha neno letu kinahusu kupumzisha ardhi. Ardhi iliyochoshwa na ngano haikuachwa hivi hivi. Ilipandwa mazao mepesi ili ipate nguvu tena. Shamba lilipumzika huku likiendelea kuzaa.

Yesu aliwaita waliolemewa, akawaahidi pumziko, na papo hapo akawapa nira. Sisi twaweza kushangaa. Mkulima yule asingeshangaa. Viongozi wa dini waliwatwika watu mizigo mizito wasiyoigusa wao wenyewe (Mathayo 23:4). Yesu anatoa mzigo mwepesi, tena anatembea na anayeubeba.

Ndugu msomaji, bibi anayelea wajukuu hawezi kuwaacha ili apumzike. Asidhani imani yake ni haba kwa kuwa bado ana majukumu. Ila kila mmoja wetu ajiulize ni mzigo upi ameubeba bila kupewa na Bwana: kinyongo, hofu, au kutafuta sifa. Huo na autue.

Nasi kama usharika tujiulize: ni akina nani tunaowapanda ngano kila msimu, kwenye kila kamati na kila mchango, hadi udongo wao umechoka? Hao nao wanadai anapausis, na sehemu yake imo mikononi mwetu.