Nilichekwa kwa kuandika maji ni HO, kumbe Dalton pia aliandika hivyo

Wasee, kidato cha tatu, tukianza ile mada ya moli, niliandika fomula ya maji kuwa HO. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, watu wakacheka hadi kengele. Juzi nikisoma historia ya kemia ndio nikagundua John Dalton mwenyewe, yule wa nadharia ya atomu, aliandika hivyo hivyo. Na si kalamu iliteleza.

Shida yake ilikuwa hii. Mzani utakwambia gramu 1 ya haidrojeni inaungana na gramu 8 hivi za oksijeni. Hauwezi kukwambia ni atomu ngapi. Ni kama upewe githeri uambiwe mahindi kilo mbili, maharagwe kilo moja, halafu uulizwe kila haragwe lina punje ngapi za mahindi. Kama hujui uzito wa punje moja, utabahatisha tu. Dalton akabahatisha moja kwa moja. Ili ujue fomula, ujue uzito wa atomu. Ili ujue uzito wa atomu, ujue fomula. Kuku na yai, buda.

Mfaransa Gay-Lussac mwaka 1808 akaonyesha kwamba gesi zinaungana kwa ujazo: lita 2 za haidrojeni na lita 1 ya oksijeni hutoa lita 2 za mvuke. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro, Mwitaliano, akasema gesi zenye ujazo sawa, kwa joto na shinikizo moja, zina molekuli idadi sawa. Sasa hesabu. Molekuli moja ya oksijeni inatosha molekuli mbili za maji, kwa hivyo lazima ipasuke katikati. Yaani oksijeni hutembea wawili wawili, na maji ni H₂O.

Dalton alikataa. Kwake atomu za aina moja husukumana, zitashikanaje? Berzelius wa Sweden, jina kubwa sana wakati huo, hakukubali pia. Avogadro akawekwa kando karibu miaka 50, na kemia ikawa fujo: mwaka 1861 Kekulé alichapisha fomula 19 tofauti zilizokuwa zikitumika kwa asidi ya siki. Kumi na tisa! Hebu fikiria kusahihisha mtihani hapo.

Septemba 1860 wanakemia kama 140 walikutana Karlsruhe, Ujerumani. Siku tatu, hawakuelewana. Mwishoni wakagawiwa kijitabu cha Stanislao Cannizzaro, Msisilia aliyewahi kukimbilia uhamishoni baada ya uasi wa 1848 kushindwa. Alikuwa amechukua wazo la Avogadro, akatumia msongamano wa mivuke, na uzito wa atomu ukatoka bila kubahatisha. Mendeleev, miaka 26, alikuwa kwenye mkutano huo. Jedwali lake la 1869 lilipangwa kwa uzito wa aina hiyo.

Avogadro alikuwa ameshakufa, 1856. Ile namba ya 6.022 × 10²³ hakuwahi kuijua. Jean Perrin ndiye aliyeipa jina lake mwaka 1909. Na neno moli lilitoka kwa Wilhelm Ostwald, ambaye wakati huo hata hakuamini atomu ziko!

Sisi tulianzia mwisho: namba ubaoni, karirini, mtihani Ijumaa. HO yangu ilistahili alama ya kosa, sikatai. Lakini siku hiyo hakuna aliyeuliza, hata mimi, tunajuaje ni mbili.