Kutoka tenzi hadi kusifu na kuabudu: uimbaji wa kanisani ulivyobadilika

Wasikilizaji wetu wa Mbozi, Momba na Ileje wanapoomba wimbo wa kuabudu, mara nyingi hutaja maneno yake tu, bila jina la mwimbaji. Hiyo ni dalili ya mabadiliko makubwa. Wimbo wa kwaya ulikuwa na mwenyewe, na watu walijua ni kwaya ya usharika gani. Wimbo wa kuabudu huimbwa na kanisa zima, na baada ya miezi michache hakuna anayekumbuka ulitoka wapi.

Turudi nyuma kidogo. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakafungua kituo cha Mbozi mwaka 1899. Walikuja na nyimbo za Ulaya za sauti nne, zikatafsiriwa, nyingine kwa Kinyiha. Aliyekuwa na kitabu alisoma, asiyekuwa nacho alikariri, na wote waliimba.

Kisha zikaja kwaya. Walimu wa kwaya walianza kutunga nyimbo zao wenyewe, Radio Tanzania ikazirekodi, na kaseti zikasafiri kwa mabasi. Wazee wetu wengi bado wanazikumbuka kwaya za Ulyankulu kule Tabora. Uzuri wake haukosi sifa, ila kulikuwa na jambo moja: kwaya ikisimama na sare zake, waumini wengine walikaa wakasikiliza.

Kuabudu kumebadili hapo. Mtu mmoja huongoza na wenzake wachache, maneno ni machache na hurudiwa, na anayeingia kanisani kwa mara ya kwanza anaweza kuimba kabla wimbo haujaisha. Mbegu yake tulikuwa nayo, nayo ni mapambio ya mikutano ya injili na ya makanisa ya Kipentekoste. Wanafunzi wa sekondari nao waliyasambaza kupitia UKWATA na CASFETA: kijana akirudi likizo kijijini alirudi na nyimbo mpya, na wakati mwingine na ugomvi mdogo na wazee wa kanisa kuhusu ngoma na kupiga makofi.

Mtindo wa sasa, wenye kinanda, gitaa na kurekodi moja kwa moja ibadani, ulipata nguvu kutoka mbali. Kanisa la Hillsong lilianzishwa Sydney, Australia, mwaka 1983. Wimbo wa Darlene Zschech uitwao "Shout to the Lord", alioutunga mwaka 1993, ulisambaa duniani, na makanisa mengi yakaona kwamba kanisa moja linaweza kutunga nyimbo za ibada yake, likazirekodi na kuzipeleka kote. Afrika Kusini kundi la Joyous Celebration lilianza mwaka 1994. Hapa Tanzania akina John Lisu na kundi la Glorious wakazoesha watu kurekodi mbele ya umati unaoimba nao.

Sisi wa Tunduma tuna mlango mwingine. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na nyimbo za Kibemba huvuka kutoka Nakonde bila kugongewa muhuri. Ephraim Sekeleti, Mzambia, amependwa huku kwa nyimbo zake za Kiswahili.

Faida tunaiona: waumini wamerudishiwa midomo yao. Lakini kuna gharama. Kinanda, spika na mafuta ya jenereta ni michango ya watu wanaosubiri mahindi na kahawa viuzwe. Tenzi ziliimbwa hata gizani. Leo kuna ibada ambazo umeme ukikatika uimbaji nao unanywea. Na nyimbo mpya karibu zote ni za Kiswahili. Za Kinyiha, Kindali au Kinyamwanga hazitufikii studio kwa wingi, na wanaozijua zile za zamani wanazidi kupungua.

Jingine ni la mwenye wimbo. Tunaletewa nyimbo ambazo ni za mtu mwingine, zimebadilishwa maneno mawili matatu au zimetafsiriwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu wimbo unapotungwa, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kutafsiri pia kunahitaji ruhusa yake. Kuuandikisha COSOTA si sharti la kuumiliki, ila husaidia kuthibitisha mkitokea kugombania. Ulinzi huu ni wa mtunzi wa Sydney na pia wa mwalimu wa kwaya wa Kamsamba anayetunga kwa kalamu na daftari la shule.

Kwa hiyo kwaya au timu ya kuabudu inayotuletea wimbo iandike jina la mtunzi, mwaka uliotungwa, na lugha yake. Wimbo wa kilugha uliorekodiwa kwa simu tutaupokea pia, mradi sauti isikike vizuri na tuambiwe nani aliutunga.